Barua Niliyoandika Vizuri Mno

Agosti 27

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya hasira. Wazee wenzangu hununua daftari la kuandikia presha zao au vipimo vya jemu. Mimi nina hasira, na kichwa cha miaka sabini na tano hakiwezi kuibeba peke yake.

Leo nimejua watakachomdunga Zakhar kule hospitalini kuanzia kesho. Kinaitwa ketamini. Ni dawa ya nusukaputi, ile ile ambayo daktari wa mifugo wa kwetu aliitumia kumlaza farasi kabla ya kumpasua. Wanamdunga mtu, wanamfunika macho kwa kitambaa, wanamwekea muziki, kisha daktari mwanamke ambaye hajafikia hata nusu ya umri wangu anaketi kando yake na kumwuliza ameona nini. Hiyo ndiyo tiba.

Zakhar ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka tisa. Vita vya kwanza vilitutoa mashariki pamoja miaka kumi iliyopita, mizigo miwili, na mji wetu hatujauona tena. Hapa Verbivka alikuwa fundi wa mashine za kuvunia, mtu wa utani. Vita vikubwa vilipokuja akaenda kutegua mabomu ya ardhini. Alirudi majira ya baridi yaliyopita na vidole vyake vyote kumi, lakini usingizi aliuacha huko. Halali ndani ya nyumba. Analala bandani, mlango wazi, hata theluji ikiingia. Vidonge vya aina tatu vimeshindwa. Mwezi wa Juni nilimkuta humo bandani asubuhi, na sitaandika nilimkuta na nini. Niliwahi. Basi.

Kwa hiyo nina haki ya kuuliza wanamfanyia nini.

Agosti 28

Nilimfuata huyo daktari. Anaitwa Zoryana.

"Karibu, Bibi Nonna. Umekuja kumsindikiza Zakhar?"

"Nimekuja kukuuliza kama Zakhar ni farasi."

Akacheka. Bora asingecheka. "Farasi hasaini fomu, Bibi. Zakhar amesaini mwenyewe."

"Aliyekata tamaa husaini chochote."

Hapo akaacha kucheka. Akanieleza taratibu, kama anayemsomea mtoto, kwamba dawa peke yake si tiba. Hulainisha udongo tu, kwa muda usiozidi saa moja. Jembe ni mazungumzo, ya kabla na ya baada. Atadungwa mara sita, wiki mbili kati ya moja na nyingine, na daktari wa nusukaputi hatoki chumbani mpaka mgonjwa asimame kwa miguu yake.

"Na chini ya huo udongo kuna nini?"

"Mimi sijui. Anayejua ni yeye."

Daktari asiyejua! Nilitoka bila kuaga.

Agosti 31

Motrya, jirani yangu, amening'inia kwenye uzio tangu asubuhi.

"Nonna, eti mtoto wako wanamlisha unga hospitalini? Wataliandika jina lake kwenye daftari la wala unga. Leseni watamnyang'anya, trekta ataiona kwenye picha."

"Funga mdomo, Motrya, nzi wanaingia."

Nimemjibu, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango. Daftari hilo tunalijua sisi sote tuliozaliwa zamani. Jina likiingia humo halitoki. Watu wamefukuzwa kazi kwa jina, wamekufa, na jina limebaki.

Septemba 2

Nimeandika barua.

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa msahihishaji katika gazeti la mji wa wachimba makaa, na ukurasa wa malalamiko ya wasomaji ulikuwa wangu. Najua barua ya malalamiko inavyojengwa. Tanguliza ukweli, tarehe, majina. Toa mambo yote ya kilio. Uliza swali moja lisilokwepeka. Malizia kwa kudai jibu la maandishi ndani ya siku thelathini, na utume nakala kwa ofisi mbili zaidi, ili kila moja iiogope nyenzake. Kwetu watu hawakuwa na bunduki wala jamaa wakubwa. Walikuwa na barua ya malalamiko, nami nilikuwa mnoa visu wao.

Kurasa nne. Nimeandika kwamba askari walioumia nafsi wanafanyiwa majaribio kwa dawa ya mifugo. Nimeandika kwamba mpwa wangu alirudi kutoka chumba kile akiwa na macho yasiyo na mtu ndani yake. Sentensi hiyo niliipenda, niliisoma mara mbili. Nimeituma kwa posta ya rejista, kwa tume ya afya ya mkoa.

Usiku nimelala vizuri.

Septemba 3

Manyunyu. Matufaha yameanza kuanguka.

Septemba 11

Zakhar amedungwa mara ya pili. Tukiwa kituoni tunangoja basi, akasema, "Shangazi, alizeti zimegeuka."

"Zilizoiva hazigeuki. Zinainama."

"Ndiyo. Zimeinama."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote ya kiangazi. Nimesema moyoni: ni dawa inayosema, si yeye.

Septemba 12

Amekula sahani mbili za supu ya borshi.

Septemba 19

Wakulima wamekuja kumwomba awatengenezee mashine ya kuvunia alizeti, ile ya kijani inayokufa kila mwaka. Amekwenda. Amerudi mweusi kwa grisi, akipiga mluzi. Mluzi! Nikasimama nyuma ya mlango nisimkatize.

Septemba 25

Mara ya tatu. Leo niliketi koridoni, nikaona.

Mlango waliuacha wazi kidogo, kwa sababu Zakhar hawezi kustahimili mlango uliofungwa. Kwanza nilimbana daktari wa nusukaputi, mzee Prokip, aliyetoka kuvuta sigara kabla hawajaanza.

"Prokip Savych, mtu mzima kama wewe, huoni aibu?"

"Nimelaza watu miaka arobaini, Nonna Lukivna. Wote wakiamka huniomba maji. Hawa wa Zoryana ndio wa kwanza kuamka na la kusema."

"Wanasema nini?"

"Siambiwi. Mimi naangalia presha."

Zakhar alilazwa, kitambaa machoni. Daktari aliketi kwenye kigoda kidogo, chini kabisa, kichwa chake usawa wa kitanda. Hakumshika mkono. Alimshika pindo la mkono wa shati, kwenye kifundo, kwa vidole viwili. Baadaye nimeambiwa Zakhar mwenyewe aliomba hivyo: mkono usishikwe, shati ruhusa. Dakika ishirini zikapita, muziki wa kinanda. Kisha Zakhar akaanza kulia mdomo wazi, kama alivyolia akiwa na miaka tisa siku tuliyomzika baba yake. Daktari alibaki ameshika shati. Hakumbembeleza, hakumnyamazisha. Mimi ningemnyamazisha. Maisha yangu yote nimenyamazisha watu wanaolia, nikidhani ni huruma.

Nyumbani, akimenya viazi, akaniambia habari ya Hordiy, mtegua mabomu mwenzake. Walikuwa wakisafisha njia ya kupitishia majeruhi. Zakhar ndiye aliyetandika utepe mweupe kuonyesha palipo salama. Kulikuwa na upepo. Hordiy akapita mahali upepo ulipousukuma utepe, si mahali ulipotandikwa, akalipukiwa.

"Umemwona kule? Kakusamehe?" nikauliza.

"Hapana, Shangazi. Sikumwona mtu. Niliona utepe tu. Mweupe, unacheza. Zamani nikiuona nakimbia. Leo nimeuangalia."

Akaendelea kumenya. Nami nikatoka nje, nikasimama karibu na pipa la maji, nikaikumbuka barua yangu.

Oktoba 2

Siku thelathini zimetimia. Hawajajibu. Ni mara ya kwanza maishani kufurahia uvivu wa ofisi.

Oktoba 9

Mara ya nne.

Oktoba 10

Amelala ndani. Kwenye benchi la jikoni, dirisha wazi, buti miguuni. Lakini ndani.

Oktoba 11

Tena.

Oktoba 12

Tena. Anakoroma kama baba yake.

Oktoba 15

Nimepiga simu kwenye tume. Nimesikiliza muziki wao wa kungojea dakika arobaini.

"Nataka kuondoa malalamiko yangu."

"Yana namba?" sauti ya msichana, anatafuna kitu.

Nikataja namba.

"Yenye namba hayaondolewi, Bibi. Yamepelekwa kwa wahusika."

"Lakini niliyeandika ni mimi!"

"Ndiyo. Kazi yako umemaliza."

Namba ile niliitaka mwenyewe, nilipoituma barua kwa rejista, nikijivuna.

Oktoba 16

Mvua. Motrya ameleta maboga mawili. Sikumshukuru vya kutosha.

Oktoba 23

Leo ilikuwa iwe mara ya tano. Tume imefika saa nne, watu watatu, gari safi. Mkubwa wao ni Bwana Pylypovych, mpole, ananukia sabuni nzuri. Walikwenda moja kwa moja kwenye kabati la chuma ambamo Prokip huweka dawa, wakapitisha uzi kwenye vipini, wakaufunga kwa udongo laini na kugonga muhuri. Vyupa vyote vilikuwepo, kila kimoja kimeandikwa. Hawakukuta kosa.

"Basi kwa nini mnafunga?" akauliza Zoryana.

"Kuna malalamiko, Daktari. Yameandikwa kwa ustadi mkubwa. Hatuwezi kuyapuuza."

Zakhar alikuwa ameketi kitandani, kitambaa mkononi, tayari. Hakuwa amekula tangu jana jioni kama alivyoagizwa. Aliutazama muhuri kwa muda. Akavaa koti, akatoka. Na mimi, mwenye ustadi mkubwa, nikatoka nyuma yake nimekumbatia chupa ya chai.

Oktoba 26

Amerudi bandani.

Oktoba 28

Hali chakula. Nimemwomba Motrya akae upande wa shamba anapoweza kumwona ninapokwenda dukani. Amekubali bila hata kejeli moja. Nilidhani namjua Motrya.

Oktoba 30

Zoryana huja kila jioni kwa baiskeli, kilomita sita kwenye tope, anaketi naye bandani bila dawa. Sauti zao nazisikia, maneno siyasikii. Leo alipotoka nilimwambia, "Ingia unywe chai, mwanangu." Neno lilinitoka tu. Akanywa akiwa amesimama. Soksi zake zilichuruzika maji.

"Anashikilia, Bibi. Lakini tumemwacha katikati. Ni kama daktari wa upasuaji aondoke tumbo likiwa wazi. Aliyeandika ile barua sijui alitaka nini."

Nilimkatia mkate.

Novemba 3

Zoryana amesema tume itasikiliza watu tarehe 12, mbele ya wote, katika ukumbi wa hospitali. Mlalamikaji akijitokeza na kuyakana malalamiko yake, kabati huenda likafunguliwa. Asipojitokeza, faili linakwenda makao makuu, na huko mafaili hulala miaka.

"Jina lake lipo kwenye faili," akasema, "lakini hatuonyeshwi. Sheria."

Sheria nzuri. Niliwahi kuipigania mwenyewe kwenye gazeti.

Novemba 4

Nimemwambia Zakhar.

Nimekwenda bandani baada ya chakula cha mchana, nikaketi juu ya sanduku la matufaha. Alikuwa akinoa shoka, nami shoka hilo sikulipenda, lakini nilisema.

"Zakhar, ile barua niliiandika mimi."

Hakuacha kunoa. "Barua gani?"

"Ya tume."

Jiwe likasimama. Alinitazama kama anavyotazama ardhi, polepole, kutoka karibu kwenda mbali.

"Lini?"

"Tarehe mbili Septemba."

"Kabla hujaona chochote."

"Kabla."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Daktari aliniuliza. Kila mara kabla ya sindano ananiuliza, Zakhar, unataka? Mara nne ameniuliza. Wewe umenilea miaka yote na hukuniuliza hata mara moja."

Nikaanza kueleza. Daftari la wala unga, leseni, farasi, Juni. Nilisema nilikuwa na hofu. Akanyanyua mkono.

"Uliandika nini juu yangu?"

Nami nikajua kwamba nikimficha hili nimemaliza. Nikamsomea kwa kichwa, maana naikumbuka yote, hata mikato. Nilipofika kwenye macho yasiyo na mtu ndani yake, akacheka kicheko kibaya.

"Umeandika vizuri."

"Vizuri mno."

"Nilikuwemo, Shangazi. Humo machoni. Nilikuwemo wakati wote, nakuona unavyonitazama."

Akaondoka na koti. Shoka aliliacha kwangu. Sijui kama alifanya makusudi. Naamini alifanya makusudi.

Novemba 5

Hajarudi. Zoryana amenipigia: yupo kwa fundi mwenzake, analala karakanani, wamekaa naye kwa zamu. Nimemweleza Zoryana pia. Akasema, "Asante kwa kuniambia kabla ya tarehe 12." Angenitukana ningeona nafuu.

Novemba 6

Mvua.

Novemba 7

Mvua. Motrya anajua. Ameniletea kabichi.

Novemba 12

Ukumbi ulijaa. Askari waliorudi, mafundi, kina mama wenye mikoba mapajani. Zakhar alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, baina ya wenzake wawili. Kwenye jukwaa Bwana Pylypovych na wenzake, na barua yangu mbele yao. Niliitambua kwa mbali, kwa upana wa pambizo.

Nilipoitwa jina, kina mama wakageuka wote kwa pamoja. Niliupita mstari wa viti nikiwatazama magotini.

"Bibi, malalamiko haya ni yako?"

"Ni yangu. Nayakana."

"Unayakana yapi?"

"Yote, isipokuwa tarehe na anwani."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Septemba umeandika kwamba mpwa wako anadhuriwa. Leo unasema anatibiwa. Tukuamini lini? Ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?"

"Wakati ule sikudanganya, Bwana. Sikujua. Nilichukua ujinga wangu nikausahihisha vizuri, nikauwekea nukta mahali pake, nanyi mkauona ni elimu. Hospitalini mlikuta kosa gani?"

"Hatukukuta kosa la—"

"Basi mlifunga kabati kwa sababu ya lugha! Vyupa vilikuwepo, maandishi yalikuwepo, wagonjwa walikuwepo, mmoja wao yuko kitandani anangoja, na hamkumwuliza hata mmoja wao hali yake. Kama nami nisivyomuuliza. Mimi ni bibi mwenye hofu. Nyinyi ni tume!"

"Bibi, punguza sauti."

"Kwa miaka thelathini na moja nilipunguza sauti za watu ziingie kwenye safu mbili. Leo sipunguzi."

Mtu nyuma akapiga kiti kwa ngumi, mwingine akafuata. Bwana Pylypovych aliandika kitu kifupi. Akauliza kama kuna mgonjwa anayetaka kusema. Kisha sauti ya Zakhar, kutoka mlangoni, bila kupaza:

"Mimi nina mbili zimebaki. Nazitaka."

Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa hotuba bora ya siku ile, na isingepita kwenye ukurasa wangu. Ningesema ni fupi mno.

Novemba 18

Uamuzi umebandikwa ubaoni. Waliokwisha kuanza tiba wamalizie. Wapya wasubiri "mpaka uchunguzi kamili utakapokamilika." Haikutajwa siku. Zoryana ana orodha ya watu kumi na mmoja waliokuwa waanze mwezi huu.

Nimeusoma nikiwa nimesimama kwenye theluji ya kwanza, na hasira iliyonipanda si ile ya Agosti. Ile ilikuwa na raha ndani yake.

Novemba 20

Mara ya tano. Nilikwenda, lakini sikuingia koridoni, sikualikwa. Nilingoja kituoni. Akaja, akaketi benchi moja nami, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Utanisamehe, Zakhar?"

"Sijui." Alifikicha mikono. "Leo nilimwuliza daktari swali hilo hilo, la Hordiy. Akasema, huyo hawezi kukujibu; utaweza kuishi bila jibu? Sasa wewe unanitaka jibu mimi niliye hai, upesi, hata basi lenyewe halijafika."

"Nitaishi bila hilo jibu."

"Haya." Kisha: "Nyumbani kuna supu?"

"Ipo."

Novemba 22

Mama mmoja amenijia. Mtoto wake ni wa tatu kwenye orodha ya wale kumi na mmoja. Hakuketi. Alisema, "Wewe unajua kuandika. Waandikie basi." Alisema bila chuki, na ndiyo maana naona haya hata kuandika hapa. Nikamwambia kwamba barua nyingine itapewa namba, itawekwa juu ya ile ya kwanza, na zote mbili zitalala pamoja. Akauliza, "Sasa mwanangu alale wapi?"

Novemba 25

Nimepanda basi la alfajiri hadi mjini, ofisi ya tume, ghorofa ya pili. Koridoni hakuna dirisha, taa moja, viti vinne. Karani aliniletea karatasi.

"Andika maombi yako hapa, Bibi."

"Siandiki."

"Sasa?"

"Nitaketi hapa mpaka Bwana Pylypovych aniambie kwa mdomo ni siku gani. Kesho nitarudi. Na keshokutwa."

"Haturuhusu watu kuketi tu."

"Viti mliviweka vya nini?"

Akaondoka akinung'unika. Saa tano alikuja yule mama. Hatukuwa tumepatana. Saa sita, Motrya, na kikapu, akilaani ngazi. Saa saba kasorobo mlango wa chini ukajibamiza, nikasikia buti, nikazijua. Zakhar alisimama juu ya ngazi akiitazama ile korido, kuta zake, taa yake moja. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Nikataka kusema, rudi, mwanangu, si lazima. Nikaumeza ulimi.

Karani akatoa kichwa mlangoni, upepo ukamfuata. "Na huyu naye ni nani?"

"Ndiye niliyemlalamikia," nikasema.

Zakhar akavuta kiti cha nne, akakigeuza kiangalie ngazi, akaketi. Akashusha pumzi. Akamwambia karani:

"Mama, funga mlango, kuna baridi."